Ukimwi Haukukaa kwa Damu Peke Yake

Kuna kitu hunikera kuhusu vile tulifundishwa Ukimwi shuleni. Virusi vinaingia kwa damu, vinamaliza askari wa mwili, unakonda, TB inakuja. Basi, fungueni ukurasa unaofuata. Hakuna mwalimu aliwahi kuniambia kwamba hivi virusi hufika kwa ubongo wiki za mwanzo tu baada ya mtu kuambukizwa, na kwamba vikifika huko vinajificha ndani ya seli ambazo wanasayansi wenyewe walikuwa wamezidharau miaka na mikaka. Hiyo ndiyo stori ya leo. Iko na majina magumu kidogo, vumilia.

Turudi Ujerumani, 1856. Daktari anaitwa Rudolf Virchow anaona kwamba katikati ya nyuroni, zile seli za kufikiria na kukumbuka, kuna vitu vingine vimejaza nafasi. Anaviita neuroglia, maana yake gundi ya neva. Gundi! Na jina likashika. Nyuroni zikawa masupastaa, hizo zingine zikawa kama wale majamaa wa kubeba spika kwenye shoo, hakuna anayeuliza wanaitwa nani. Mwaka wa 1919 Mhispania Pío del Río-Hortega akaonyesha kwamba ndani ya hiyo gundi kuna kikundi cha pekee, akakiita mikroglia. Leo tunajua hao ndio askari wa ubongo, wanapiga doria na kula vijidudu na takataka. Wenzao ni astrosaiti, seli zenye umbo la nyota, kazi yao kulisha nyuroni na kufagia kemikali ikizidi.

Sasa ruka mpaka Juni 1981. Marekani inatangaza vijana watano wa Los Angeles wenye nimonia isiyo ya kawaida. Mwaka wa 1983, Françoise Barré-Sinoussi na Luc Montagnier wanapata kirusi chenyewe pale Paris. Macho yote yako kwa damu. Lakini huko wodini kuna mambo mengine: watu wa miaka thelathini wanasahau walichokuwa wakisema, wanajibu polepole kama wazee, miguu inakataa amri. Wengine waliambiwa ni huzuni tu. Kwani ungepewa hayo majibu wakati hakuna dawa, ungekuwa na furaha?

Mwaka wa 1985 watafiti wakapata virusi ndani ya ubongo wenyewe na kwa maji ya uti wa mgongo. Mwaka uliofuata wakaonyesha vinakaa wapi. Havikuwa ndani ya nyuroni. Vilikuwa kwa makrofeji, yaani seli za kinga za ukoo mmoja na mikroglia, na baadaye mikroglia nazo zikashikwa kwa kesi hiyo hiyo.

Vile inafanyika ni hivi. Seli nyeupe iliyoambukizwa inavuka ukuta wa mishipa ya damu ya ubongo, imebeba virusi kama mzigo wa magendo uliofichwa kwa matatu halali. Mikroglia iko na milango miwili ambayo kirusi kinaijua, CD4 na CCR5. Kikishaingia, kinageuza maandishi yake ya RNA kuwa DNA, halafu kinajibandika kwa DNA ya seli yenyewe. Kuanzia hapo seli inatengeneza nakala kama kiwanda. Na mikroglia huishi miaka, kwa hivyo mpangaji amepata nyumba ya kudumu. Nyuroni haziambukizwi, lakini zinaumia: sumu inayomwagwa na majirani wagonjwa inakata mawasiliano yao. Astrosaiti hazina mlango wa CD4, virusi huingia kwa shida na hutoa nakala kidogo sana. Wataalamu bado wanabishana kuhusu hizo, na huo ubishi hautaisha kesho.

Huku kwetu? Kenya ilipata mgonjwa wa kwanza 1984, na serikali ikangoja hadi 1999 kusema hili ni janga la taifa. Miaka kumi na tano! Katikati hapo, mtu akianza kuchanganyikiwa, huko Nyanza wengi walisema ni chira, kwingine wakasema amerogwa. Sitaki kucheka hao wazee, maana hata daktari hakuwa na kipimo kinachofaa. Vipimo vingi vya kumbukumbu vilitegemea mtu awe amesoma na anajua Kizungu. Mwaka wa 2005 ndio kikaja kipimo kilichojaribiwa Kampala na Marekani: gonga vidole haraka, fuata mpangilio wa mikono, halafu kumbuka maneno manne baada ya muda mfupi. Mbwa, kofia, maharagwe, nyekundu. Dakika chache tu, hata kalamu huhitaji. Utafiti uliotoka 2007 katika kliniki moja ya Kampala ukakuta asilimia 31 ya wagonjwa waliopimwa walikuwa na tatizo kubwa la ubongo. Karibu mmoja kwa kila watatu. Hao watu walikuwa wanaitwa wajeuri na wavivu nyumbani kwao.

Dawa mseto zilibadilisha mambo kuanzia 1996, na hapa Kenya zikawa za bure hospitali za umma 2006. Ukizimeza vizuri hadi virusi visionekane kwa kipimo, huambukizi mtu kwa ngono. Hiyo ni kweli, na asikudanganye mtu. Lakini kutoonekana kwa damu na kuisha ni vitu viwili tofauti. Mwaka wa 2023 watafiti wa Marekani walichukua mikroglia kutoka kwa ubongo wa watu waliokubali, kabla ya kufa, miili yao ichunguzwe. Walikuwa wametumia dawa miaka mingi. Ndani ya hizo seli bado kulikuwa na virusi vyenye uwezo wa kuzaana.

Ndiyo maana hunikasirisha nikisikia shule ya bweni ambapo msichana aliyezaliwa na virusi anameza dawa chooni, ama anaziacha wiki nzima kwa sababu madem wa kyubiko yake wamefungua sanduku na kuanza kunong'ona. Kwa damu yake virusi vinarudi ndani ya wiki chache. Huko juu, kwa zile seli Virchow aliita gundi, havikuwa vimeenda popote.