Kaunda: Nyumba Yetu Iliyoachwa Majini

Wachambuzi wa redioni wamelikariri jambo hili hadi watoto wanaliamini: kwamba Yanga na Simba hazijawahi kuwa na uwanja wa nyumbani. Kwa upande wa Yanga, nakataa. Pale makutano ya Mitaa ya Twiga na Jangwani, ubavuni mwa jengo la klabu, upo Uwanja wa Kaunda, uliopewa jina la Rais Kenneth Kaunda wa Zambia.

Habari za kuzaliwa kwa klabu, 1935 sisi na 1936 watani zetu, kila mtu anazo. Ninayotaka kuyasema ni ya Kaunda.

Utotoni nilitoka Ilala kwa miguu kwenda kuangalia mazoezi ya jioni. Tulikaa chini kwenye mstari wa pembeni, karibu kiasi cha kumsikia kipa akimfokea beki, na kuona vumbi linavyonata kwenye soksi zilizolowa jasho. Mbele ya jengo walikaa wazee. Mchezaji aliyecheza ovyo Jumamosi hakupita pale Jumatatu bila kuulizwa.

Wanaonibishia husema Kaunda ulikuwa wa mazoezi tu, mechi zilichezwa kwingine. Ni kweli, zilichezwa Shamba la Bibi, uwanja ule ule ambao bendera ya Tanganyika ilipandishwa usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961. Lakini pale wenyeji ni nani? Leo ratiba inasema Yanga, kesho inasema Simba, na mwenye funguo ni Serikali siku zote. Hata ulipofunguliwa mwaka 2007 uwanja mpya wa watu 60,000, ambao tangu 2020 unaitwa Benjamin Mkapa, tulibaki wapangaji wawili wa chumba kimoja.

Na upangaji una gharama zake. Mei 2025 Simba walicheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, wao wenye kauli ya "Kwa Mkapa hatoki mtu". CAF ikaukataa Mkapa kwa hali ya sehemu ya kuchezea, na mechi ya marudiano na RS Berkane ikavushwa bahari hadi Amaan, Zanzibar. Mimi ni Yanga, ila siku ile niliwaonea huruma. Mwenye nyumba yake huitunza nyasi yake mwenyewe.

Kaunda umeuawa na mto. Jangwani ni bonde la Msimbazi. Masika yakikolea, maji hupanda, huacha tope zito, kisha magugu hufunika mahali palipokuwa na magoli. Kifusi kimemwagwa, ramani za uwanja wa kisasa zimechorwa, viongozi wamepiga picha nazo na kuondoka. Kila uongozi mpya huanza na ramani mpya, na kila masika hukuta uwanja ule ule. Inaniuma kwamba jambo la mitaro na tuta tumelifanya ajenda ya uchaguzi kwa miaka yote hii.

Siku hizi bondeni kuna mradi mkubwa wa kuudhibiti Msimbazi, pamoja na daraja jipya la Jangwani. Klabu ikaketi na wahandisi wa mradi huo kwanza, iwaulize maji ya upande wa Kaunda yataelekezwa wapi. Majukwaa yachorwe baadaye.