Meli Isiyo na Bandari: Historia Fupi ya Karantini, Bendera na Nauli

Mwanzoni mwa mwaka 2020 mamilioni ya watu duniani walikuwa wamekwisha kulipia, kwa ukamilifu au kwa sehemu, safari za mapumziko katika meli za kitalii. Biashara hiyo ilikuwa katika kilele chake. Mwaka 2019 peke yake ilikuwa imebeba abiria wapatao milioni 29.7. Kisha janga la UVIKO-19 likaingia, na kila aliyekuwa na tiketi akajikuta mbele ya swali moja: je, nifute safari yangu au nisubiri?

Wapo watakaosema kwamba swali hilo ni la watu wenye ziada, na kwamba mkazi wa Tandale au Kisumu halimhusu. Makala haya yanashikilia kinyume chake. Meli ya kitalii ni dola ndogo. Ina mtawala, ina matabaka, ina walipaji na watumishi, ina sheria zake na mipaka yake. Dola ndogo inapopatwa na ugonjwa, mambo ambayo katika dola kubwa hufichwa na umbali huonekana wazi: nani ana wajibu kwa nani, na hasara humwangukia nani. Historia ya swali la abiria yule, kwa hiyo, ni historia ya uwajibikaji.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1377 mji wa Ragusa, ambao leo ni Dubrovnik, uliamuru kwamba watu waliotoka katika maeneo yenye tauni wakae mahali pa pekee kwa siku 30 kabla ya kuingia mjini. Venice, mji ulioishi kwa biashara ya bahari, ukafungua kisiwa cha kuwatenga wagonjwa mwaka 1423. Muda wa kutengwa ulirefushwa hadi siku 40, na kutokana na hesabu hiyo katika Kiitaliano ndipo lilipozaliwa neno tunalolitumia hadi leo, karantini. Tangu mwanzo, hatua hiyo ilikuwa mapatano baina ya pande mbili zenye maslahi yanayokinzana. Bandari ilitaka bidhaa bila ugonjwa, naye mwenye chombo alitaka kushusha mzigo bila kuchelewa. Mataifa yalipokutana Paris mwaka 1851 katika mkutano wa kwanza wa kimataifa wa masuala ya afya, ubishi ulikuwa huo huo.

Pwani yetu haikuwa nje ya historia hiyo. Kipindupindu kilichoipiga Zanzibar mwaka 1869 na 1870 kilifuata njia za biashara, na daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi Unguja, aliandika kitabu kizima kuhusu njia hizo mwaka 1876. Baadaye kisiwa cha Changuu, mbele ya Mji Mkongwe, kilijengwa gereza ambalo halikupata kutumika kama gereza. Majengo yake yakawa kituo cha karantini kwa wasafiri wa meli. Watalii wanaokwenda leo kuwatazama kobe wa Changuu wanatembea juu ya ushahidi kwamba bandari iliyopangwa vizuri ilikuwa na mahali pa kumpokea msafiri mgonjwa. Karantini ya kweli haikuwa kumfukuza mtu baharini. Ilikuwa ni kumpokea kwa masharti.

Mfano wa kile kinachotokea masharti yanapokosekana ni Samoa. Tarehe 7 Novemba 1918 meli Talune, iliyotoka Auckland, ilitia nanga Apia ikiwa na wagonjwa wa homa ya mafua. Utawala wa New Zealand, chini ya Kanali Robert Logan, uliruhusu abiria washuke. Takriban mtu mmoja kati ya kila watano katika Samoa ya Magharibi alikufa. Jirani na hapo, katika Samoa iliyotawaliwa na Marekani, Gavana John Poyer alifunga bandari na kuweka karantini, na hakuna aliyekufa kwa ugonjwa ule. Watu ni wale wale, bahari ni ile ile. Kilichotofautiana ni uamuzi wa ofisi moja. Serikali ya New Zealand iliomba radhi kwa Samoa mwaka 2002, miaka 84 baada ya maafa.

Kwa hiyo, mwaka 2020 ulipofika, dunia haikukosa kumbukumbu. Ilikuwa pia na sheria. Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005 zinaelekeza kwamba meli isizuiwe kufika bandarini kwa sababu za afya isipokuwa kwa misingi maalumu, na kwamba bandari isiyo na uwezo wa kuihudumia iielekeze kwenye bandari iliyo karibu yenye uwezo huo. Yaliyofuata yalionyesha umbali uliopo kati ya kanuni na gati.

Diamond Princess iliondoka Yokohama tarehe 20 Januari 2020. Abiria mmoja aliyeshuka Hong Kong tarehe 25 aligundulika baadaye kuwa na virusi vya korona. Meli iliporejea Yokohama mapema Februari, watu wote 3,711 waliokuwamo waliwekwa karantini humo humo ndani. Abiria walifungiwa vyumbani, wengine katika vyumba visivyo na dirisha. Wafanyakazi, waliolala pamoja katika vyumba vya chini na kula pamoja, waliendelea kupika na kugawa chakula mlango kwa mlango. Mwishowe watu 712 walikutwa na maambukizi, karibu mmoja kati ya kila watano. Meli hii ilisajiliwa Uingereza, ikaendeshwa na kampuni ya Kimarekani, ikaongozwa na nahodha Mwitaliano, ikatia nanga Japani, na ikabeba watu wa mataifa zaidi ya 50. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hapa manahodha walikuwa wengi kwenye karatasi, lakini ilipofika saa ya kuamua kila mmoja alimtazama mwenzake.

Westerdam haikuwa na mgonjwa aliyethibitishwa, lakini ilikataliwa na Ufilipino, Taiwan, Japani, Guam na Thailand kabla ya Kambodia kuipokea Sihanoukville tarehe 13 Februari. Zaandam iliondoka Buenos Aires tarehe 7 Machi, ikafungiwa bandari za Amerika ya Kusini moja baada ya nyingine, na abiria wanne walikuwa wamekwisha kufa kabla ya kuvuka Mfereji wa Panama. Iliruhusiwa kufunga gati Florida tarehe 2 Aprili. Mwezi huo wa Machi, wakati Grand Princess ikisubiri nje ya pwani ya California, Rais wa Marekani alisema hadharani kwamba angependelea abiria wabaki melini, kwa kuwa kushuka kwao kungeongeza hesabu ya wagonjwa wa nchi yake. Kauli ile ilistahili kusikilizwa vizuri. Mgonjwa alikuwa amekoma kuwa mtu. Amekuwa tarakimu katika daftari, na swali likawa ataandikwa katika daftari la nani.

Kosa la upande wa pili lilitendeka Sydney. Tarehe 19 Machi abiria wapatao 2,700 wa Ruby Princess waliachiwa kwenda zao kabla majibu ya vipimo kutoka. Uchunguzi maalumu ulioongozwa na wakili Bret Walker ulihusisha meli hiyo na maambukizi zaidi ya 600 nchini Australia na vifo 28, na ukazilaumu vikali mamlaka za afya za jimbo. Kufunga mlango bila huruma na kuufungua bila kupima ni makosa mawili yenye mzizi mmoja: maofisa wasiokuwa na utaratibu ulioandaliwa kabla ya siku ya mashaka.

Lakini kwa nini meli zilikosa mwenyewe? Jibu limo katika bendera. Kwa muda mrefu kampuni kubwa za meli za kitalii zimejisajili nje ya nchi zinakofanyia biashara. Mwaka 2020 Carnival ilikuwa kampuni ya Panama kisheria, Royal Caribbean ni ya Liberia, na Norwegian Cruise Line ni ya Bermuda, ingawa zote tatu zina ofisi zao kuu Miami au jirani. Faida yake inajulikana: kodi ndogo na sheria nyepesi za kazi. Gharama yake ilijulikana Machi 2020. Bunge la Marekani lilipotenga mabilioni ya kuokoa makampuni, fedha zile ziliwekewa sharti la kampuni kuwa imeundwa Marekani na kuwa na wafanyakazi wake wengi huko, na wenye meli wakabaki nje ya mlango. Walinzi wa pwani wa Marekani nao walizielekeza meli za bendera ya Bahamas kutafuta kwanza msaada wa tiba huko Bahamas, nchi ya visiwa yenye watu wasiofikia nusu milioni. Aliyekwepa kulea mtoto asishangae mtoto anapokosa kumwita baba.

Tusiwacheke wengine haraka. Mwaka 2012 meli za mafuta za Iran zilibainika kupeperusha bendera ya Tanzania kupitia usajili wa Zanzibar, na serikali ikalazimika kuzifuta. Bendera ikiazimwa, aibu yake haiazimwi. Hubaki kwa mwenye bendera.

Sasa turudi kwa abiria na tiketi yake. Tarehe 14 Machi 2020 taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, CDC, ilitoa amri ya kusimamisha safari. Amri hiyo ilirefushwa Aprili, ikarefushwa Julai, ikarefushwa tena Septemba. Kila tarehe mpya ilizalisha tumaini jipya, na kila tumaini lilikuwa na bei. Kwa kawaida ya mikataba ile, abiria aliyefuta safari mwenyewe alipoteza sehemu ya fedha zake, ilhali safari ikifutwa na kampuni alistahili kurudishiwa au kupewa vocha. Ukawa mchezo wa kuviziana: anayetangulia kusema hapana ndiye anayelipa. Vocha nyingi zilivutia kwa kuwa thamani yake ilifika asilimia 125 ya nauli. Lakini vocha ni ahadi ya safari, si fedha. Aprili 2020 Carnival ilikopa dola bilioni 4 kwa riba ya asilimia 11.5 na kuweka meli zake rehani. Mwenye hati ya mkopo alipata riba na dhamana. Mwenye vocha, ambaye naye kwa hakika alikuwa ameikopesha kampuni fedha zake, alipata tumaini.

Mwaka 2021 mashaka yalibadilika sura badala ya kwisha. CDC ilikuwa imeondoa marufuku Oktoba 2020 na kuweka masharti, yakiwamo safari za majaribio zenye abiria wa kujitolea. Baadaye meli zilizokuwa na chanjo kwa asilimia 98 ya wafanyakazi na asilimia 95 ya abiria zilisamehewa majaribio hayo. Lakini jimbo la Florida lilipitisha sheria ya kukataza biashara kumdai mteja uthibitisho wa chanjo, likaishtaki serikali kuu, na Juni jaji wa shirikisho akakubaliana na jimbo. Norwegian nayo ikaishtaki Florida ili iruhusiwe kudai chanjo, na Agosti ikapata zuio la muda. Msafiri aliyetaka tu kujua kama atahitaji cheti alipaswa kufuatilia kesi mahakamani. Desemba 2021, kirusi cha Omicron kilipoenea, CDC iliwashauri watu wote wasisafiri kwa meli hizo hata wakiwa wamechanjwa. Tahadhari hiyo iliondolewa mwisho wa Machi 2022.

Katika masimulizi haya yote wapo watu ambao swali la kufuta au kusubiri halikuwahi kuwafikia. Aprili 2020, kwa maelezo ya CDC yenyewe, meli zipatazo 100 zilikuwa karibu na pwani za Marekani zikiwa na wafanyakazi karibu 80,000. Abiria walikwisha kwenda makwao. Wafanyakazi, wengi wao kutoka Ufilipino, India na Indonesia, walibaki wiki na miezi, kwa sababu bandari ziliwakataa, nchi zao nyingine zilikuwa zimefunga viwanja vya ndege, na masharti ya kuwasafirisha kwa usafiri wa pekee yalionekana ghali mno. Abiria alikuwa hajui lini atasafiri. Baharia alikuwa hajui lini atafika nyumbani, na mara nyingi mshahara wake ulikwisha kusimama.

Kwa wanafunzi na watumishi wa umma wanaosoma makala haya, mafunzo ni ya kazi, si ya huzuni. Meli za kitalii zimerudi Mombasa na Zanzibar, na tunazikaribisha kwa ngoma. Basi na tuulize leo, wakati bahari ni shwari: meli yenye wagonjwa ikibisha hodi, ofisi ipi itaamua, kwa muda gani, na wagonjwa watalazwa wapi? Sheria zetu za kumlinda mlaji zinasema nini kuhusu nauli iliyolipwa kwa safari isiyofanyika, iwe ni ya meli, ya basi au ya hija? Na kijana wetu aliyeajiriwa melini chini ya bendera ya ugenini, mkataba wake unamtaja nani kuwa mwenye wajibu wa kumrudisha kwao? Majibu ya maswali haya yaandikwe na yajulikane sasa. Ragusa haikusubiri hadi chombo chenye tauni kilipokuwa langoni ndipo itafute kisiwa.