Usalama wa Mtu Kabla ya Mpaka: Fikra Moja Katika Misaada ya Japani



Aprili 1994 nilikuwa kidato cha kwanza. Wa rika langu watakumbuka malori ya chakula yaliyopita usiku kucha yakielekea Ngara. Katika muda wa kama siku moja, tarehe 28 na 29, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda. Sisi tulihesabu malori tu. Hatukujua kwamba Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi liliongozwa na mama wa Kijapani, Sadako Ogata.

Mwaka huohuo ripoti ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, iliyosimamiwa na mchumi wa Pakistani, Mahbub ul Haq, ilieneza fikra ya usalama wa binadamu. Maana yake ni nyepesi: nchi yaweza kuwa na jeshi imara na mipaka shwari, na raia wake bado akafa njaa, akaugua bila dawa, au akalala kwa hofu.

Kwa nini Japani ndiyo iliyoikumbatia fikra hiyo? Katiba yake ya 1947 iliikataa vita. Mwaka 1954 ilianza kutoa misaada ya kiufundi chini ya Mpango wa Colombo, ilhali yenyewe ingali ikikopa. Hata reli ya treni zake za kasi ilijengwa kwa sehemu kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 80, wa 1961. Kufikia 1989 ilikuwa imewapita watoaji wote. Lakini katika Vita vya Ghuba vya 1991 ilitoa dola bilioni 13 na bado ikalaumiwa kuwa hutoa fedha bila kutoa watu. Lawama hiyo iliwachoma.

Ndipo Desemba 1998, Waziri Mkuu Keizo Obuchi akiwa Hanoi, Asia ikiuguza majeraha ya msukosuko wa fedha wa 1997, alitangaza mchango wa mfuko wa usalama wa binadamu katika Umoja wa Mataifa. Mfuko ulianza Machi 1999. Mwaka 2003 fikra hiyo iliingizwa katika Hati ya Misaada ya Japani, na Mama Ogata akawa mkuu wa JICA, shirika la misaada la nchi hiyo.

Mimi naona mzizi wenyewe uko nyuma zaidi, mwaka 1991. Wakurdi wa Iraki walikimbilia milimani, Uturuki ikafunga mpaka. Kwa sheria, asiyevuka mpaka si mkimbizi. Ogata aliamua wasaidiwe humohumo ndani ya nchi yao. Alimtazama mtu kwanza, mpaka baadaye.

Tusidanganyane: Japani nayo ina maslahi yake, na fedha zake nyingi zimeendelea kwenda kwenye barabara, madaraja na umeme. Ila ipo misaada midogo ya ngazi ya chini, na hapo ndipo nilipojifunza kwa aibu. Nikiwa ofisa mipango kijana niliandika maombi ya bweni la wasichana waliokuwa wakitembea mbali kwenda shule. Msaada wa aina hiyo hujenga, haulipi mishahara. Fomu iliuliza nani atamlipa mlezi. Nikaandika “Halmashauri”, bila kumwuliza mweka hazina.

Bweni lilijengwa vizuri. Mwaka wa pili nilikuta vitanda vimo, wasichana hawamo, mlango una kufuli. Baba mmoja aliniambia hawezi kumwacha binti yake alale mahali pasipo na mtu mzima. Sikuwa na jibu.

Mlezi alipatikana baadaye: mjane wa kijiji hicho, ambaye wazazi walimlipa kwa mahindi. Wasichana walihamia wiki hiyohiyo.