Tenda, Mwizi na Fundi

Chepilat imekaa mpakani: huku Bomet, kule Nyamira, na barabara ya Sotik kwenda Kisii inapita katikati. Tangu ugatuzi uanze 2013, fundi wa kuchomelea vyuma hapa amezungukwa na kaunti mbili zinazotangaza tenda. Mara nyingi zinachotaka ni kitu kilekile cha mwaka jana, kwa bei ya chini zaidi. Mazoea hayo yana historia ndefu.

Wakati wa ukoloni, vifaa vingi vya serikali viliagizwa kupitia Crown Agents, mawakala wa ununuzi wa makoloni waliokuwa London, na fedha za koloni zikavipa kazi viwanda vya Uingereza. Uhuru ulipokuja, Hazina ilishika usukani, lakini mtindo wa kuagiza kwa orodha ulibaki.

Kisha wizi ndio ulioandika sheria. Katika kashfa ya Anglo Leasing iliyofichuka 2004, mtambo wa pasipoti ambao kampuni ya Ufaransa ilitaka kuuuza kwa euro milioni 6 uliagizwa kutoka kampuni ya Anglo Leasing kwa milioni 30. Kumbuka kwamba huo ulikuwa ununuzi wa teknolojia mpya! Ikatungwa Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2005, na Kifungu cha 227 cha Katiba ya 2010 kikadai haki, usawa, uwazi, ushindani na gharama nafuu. Ubunifu hakikuutaja. Afisa wa ununuzi akajifunza kumwogopa mkaguzi, na simlaumu.

Hata hivyo, Nairobi ndiko kulikoonekana njia nyingine ya kununua. Mwaka 2009 wafadhili, Italia na Uingereza wakiwamo, waliahidi dola bilioni 1.5 kununua chanjo ya nimonia kwa nchi maskini, kwa bei iliyotangazwa mapema, alimradi watengenezaji wafikie viwango. Kampuni zikajua mnunuzi yupo, zikaongeza uzalishaji. Februari 2011 Rais Kibaki aliizindua chanjo hiyo Kenya. Hapo mnunuzi alitaja matokeo anayoyataka, akamwachia mtengenezaji njia ya kuyafikia.

Serikali ilipotaka kuwapa wanafunzi kompyuta, ilianza vibaya: tenda ya shilingi bilioni 24.6 iliyopewa kampuni ya Olive ya India ilifutwa baada ya rufani. Mwaka 2016 kazi ikaenda kwa Vyuo Vikuu vya Moi na Jomo Kenyatta, kila kimoja na mbia wa kigeni. Bora kidogo, ingawa kuunganisha vipuri vya wengine bado si kubuni.

Sheria ya ununuzi ya 2015 inaruhusu mashindano ya usanifu na majadiliano na wazabuni, na tangu 2013 asilimia 30 ya tenda imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Mlango upo. Tatizo ni malipo: kaunti hulimbikiza madeni, na karakana ndogo haiwezi kukopa ili ijaribu kitu kipya kisha ingoje miaka. Mwaka 2025 Hazina ilitaka ununuzi wote uhamie kwenye mfumo wa kielektroniki, magavana wakaupinga na suala likafika mahakamani. Mabishano yalikuwa juu ya kama kaunti zingelazimishwa kuutumia. Fundi atalipwa lini, halikuwa swali kuu.