Mashamba ya Mizabibu ya Bourgogne

Neno divai, msomaji, si geni masikioni mwako, lakini asili yake i mbali. Limetoka katika Kifaransa, lugha ambayo mtu atakaye kinywaji hicho husema ataka du vin. Basi neno lenyewe latuonyesha njia ya kwenda Ufaransa, na huko twataka kwenda leo kwa akili zetu. Shabaha ya safari yetu si kusifu ulevi. Twakwenda kutazama ardhi: jinsi kipande cha ardhi kinavyopata jina, jinsi jina linavyopata thamani, na jinsi wanadamu wanavyoshindania vyote viwili.

Bourgogne ni jimbo lililo mashariki ya Ufaransa. Ukitoka katika mji wa Dijon na kushika njia ya kusini, hata ukaupita mji wa Beaune, utaona upande wako wa kulia mteremko mwembamba wa vilima wenye urefu wa kilometa 50 hivi. Mteremko huo huitwa Côte d'Or. Umeelekea mashariki, hivyo mizabibu hupata jua tangu asubuhi. Udongo wake ni wa mfinyanzi uliochanganyika na mawe ya chokaa. Juu kabisa udongo ni haba na baridi ni kali. Chini kabisa, penye tambarare, maji hutuama na sakitu huchoma machipukizi. Mashamba yaliyo bora yako katikati. Mzabibu wa divai nyekundu huko ni wa jamii iitwayo Pinot Noir, na wa divai nyeupe ni Chardonnay. Kwa kuwa jamii ni hizo mbili zaidi ya zote, watu wa Bourgogne hawaulizani sana zabibu ni za namna gani. Huulizana zimetoka shamba gani.

Je, nani aliyeyachagua mashamba hayo na kuyapa majina? Mizabibu ilikuwako tangu zama za Warumi. Katika mwaka wa 2008 wachimbuzi wa mambo ya kale waligundua karibu na kijiji cha Gevrey-Chambertin alama za mashimo ya mizabibu iliyopandwa katika karne ya kwanza baada ya Kristo. Lakini waliotia bidii kubwa kuliko wote walikuwa watawa. Katika mwaka wa 1098 kundi la watawa lilijenga makao mapya mahali panapoitwa Cîteaux, kusini ya Dijon. Sheria yao ilikuwa kusali na kufanya kazi kwa mikono yao. Walihitaji divai kwa ajili ya ibada, kwa ajili ya wageni na kwa ajili ya meza yao. Watu wenye ardhi waliwapa mashamba kuwa sadaka, wakitumaini kuombewa, na watawa wakaongeza mengine kwa kununua na kubadilishana. Kule Vougeot waliunganisha vipande hivyo kimoja kimoja kwa muda wa zaidi ya miaka mia mbili, hata yapata mwaka wa 1336 wakawa wamelizungushia ukuta wa mawe shamba moja la hekta 50 hivi. Ukuta huo ungaliko, na shamba huitwa Clos de Vougeot.

Fikiri faida ya jambo hilo. Mkulima hufa, na maarifa yake mengi huzikwa pamoja naye. Jamii ya watawa haifi kwa siku moja. Mzee huondoka na kijana huingia, na kazi huendelea katika udongo ule ule. Kwa hiyo waliweza kujua kwa muda mrefu sehemu ipi huiva mapema na ipi hukawia.

Mara nyingine sifa ya ardhi ililindwa kwa nguvu. Kulikuwa na jamii ya mzabibu iitwayo Gamay, yenye kuzaa sana na kuiva upesi. Maskini aliipenda, maana ilimjazia mapipa. Lakini mtawala wa Bourgogne, Philippe, aliyepewa jina la Jasiri, aliona kwamba divai yake yaharibu heshima ya jimbo. Katika mwaka wa 1395 akatoa amri ing'olewe. Hapa pana mgongano ambao hauna jibu jepesi. Mtawala alitazama jina la nchi na soko la mbali. Mkulima alitazama watoto wake na chungu chake. Kila mmoja alikuwa na haki ya namna yake, ila mmoja tu ndiye aliyekuwa na uwezo wa kutoa amri.

Lakini mali ya mizabibu haikuishia yote katika mifuko ya wakubwa. Katika mwaka wa 1443 Nicolas Rolin, waziri mkuu wa mtawala wa wakati huo, pamoja na mkewe Guigone de Salins, walianzisha hospitali ya maskini mjini Beaune. Baadaye wafadhili wengi waliirithisha mashamba ya mizabibu. Wagonjwa walitibiwa katika jengo lile la kale hata mwaka wa 1971, walipohamishiwa jengo jipya. Tangu mwaka wa 1859 divai ya mashamba hayo imekuwa ikiuzwa kwa mnada, nao hufanywa mwezi wa Novemba kwa ajili ya kazi ya hospitali.

Yakaja Mapinduzi ya mwaka wa 1789. Mwezi wa Novemba mwaka huo baraza la wawakilishi wa taifa liliamua kwamba mali ya kanisa ni mali ya taifa. Watawa wa Cîteaux wakatoka, na katika mwaka wa 1791 Clos de Vougeot ikauzwa. Kisha katika mwaka wa 1804, wakati wa Napoleon, ikatolewa sheria ya raia iliyothibitisha kwamba watoto wa baba mmoja warithi mali yake kwa mafungu sawa. Mzaliwa wa kwanza asichukue yote, wala binti asiachwe mikono mitupu.

Nani atakayeilaumu sheria hiyo? Ni sheria ya haki. Lakini ardhi haizaliwi kama watoto wanavyozaliwa. Shamba la baba liligawanywa kwa watoto wanne, na fungu la kila mtoto likagawanywa tena kwa wajukuu, hata wengine wakabaki na mistari michache tu ya mizabibu. Clos de Vougeot yenyewe ilikaa muda mrefu mikononi mwa watu wachache, lakini katika mwaka wa 1889 ilianza kuuzwa vipande vipande. Leo, ndani ya ukuta ule mmoja, wamo wenye mashamba wapatao 80. Wote huandika jina moja juu ya chupa zao, lakini divai zao hazifanani, kwa sababu mmoja ana sehemu ya juu na mwingine ana sehemu ya chini, na mmoja ni hodari na mwingine ni mvivu.

Huo ulikuwa mtihani wa sheria. Mtihani wa maumbile ulikuwa mkali zaidi. Mdudu mdogo aitwaye filoksera, ambaye huishambulia mizizi ya mzabibu, aliletwa Ulaya kutoka Amerika bila kujulikana. Alianza kuharibu mashamba ya kusini ya Ufaransa katika miaka ya 1860, na katika mwaka wa 1878 akaonekana Côte d'Or. Mizabibu ilinyauka, na familia nyingi zikafilisika. Dawa ilipatikana kule kule ulikotoka ugonjwa: mizizi ya mizabibu ya Amerika humstahimili mdudu huyo, hivyo wakulima walichukua vikonyo vya mizabibu yao wakaviunga juu ya mashina ya Kiamerika. Wengine walilipinga jambo hilo kwa kuogopa kwamba divai itapoteza asili yake. Hatimaye walilazimika kukubali, na karibu mizabibu yote ya Bourgogne leo yasimama juu ya miguu ya kigeni.

Divai ilipoadimika, wadanganyifu walipata nafasi. Divai hafifu kutoka mahali pengine ilitiwa katika chupa na kupewa jina la kijiji mashuhuri. Mkulima mwaminifu akaona jina la shamba lake lauzwa na mtu asiyepata kulishika jembe. Kwa hiyo zilitungwa sheria, na iliyo kubwa ni ile ya mwaka wa 1935, iliyoweka kwamba jina la mahali litumiwe kwa divai ya mahali hapo tu, iliyotengenezwa kwa masharti yaliyoandikwa. Katika mwaka wa 2015 shirika la Umoja wa Mataifa la elimu na utamaduni, UNESCO, liliyatia mashamba hayo, yenye majina 1,247, katika orodha ya urithi wa dunia.

Sasa, msomaji, urudi kwenye ukuta wa Vougeot ujiulize swali. Watawa waliliunganisha shamba kwa muda wa miaka mia mbili. Sheria ya haki ikaligawanya. Je, ni nini kilichobaki kizima? Ni jina lake. Mawe ya ukuta hayawezi kulilinda jina hilo. Hulindwa na kila mmoja wa wale 80 anapoamua, wakati wa mavuno, kama atatia katika pipa zabibu zilizoiva au zilizooza. Akidanganya mmoja, hasara ni ya wote.