Professor Jay: Kutoka 'Ndio Mzee' Mpaka Ubunge wa Mikumi

Kwa madogo wa 2000 kuja juu, Professor Jay ni yule mkongwe wa "Kibabe". Lakini historia yake ni ndefu kuliko hapo, na sehemu yake tamu kabisa haikutokea studio. Ilitokea Mikumi, wilayani Kilosa.

Joseph Haule alizaliwa Songea mwaka 1975. Jina lilianza kukua akiwa Hard Blasters na wenzake Fanani na Big Willy. Albamu yao ya "Funga Kazi" ilitoka 2000, na ndani yake kulikuwa na "Chemsha Bongo", stori ya kijana aliyechezea maisha mpaka yakamgeuka. Enzi hizo wazazi wengi waliona rap ni uhuni tu. Ngoma ile ikawafanya hata wazee watege sikio, maana ilikuwa na funzo, na Kiswahili chake kilinyooka.

2001 akaachia albamu yake binafsi, "Machozi, Jasho na Damu". Humo ndimo ilimokuwa "Ndio Mzee": mgombea yuko jukwaani anamwaga ahadi za ajabu ajabu, wananchi wanaitikia tu. Nchi nzima ilicheka. Kila mtu alikuwa anamjua mwanasiasa wa aina hiyo.

Sasa tazama maisha yalivyo. 2015 jamaa mwenyewe akapanda jukwaani kuomba kura, tiketi ya CHADEMA, jimbo la Mikumi. Na Mikumi siyo simba na twiga wa mbugani peke yake. Mabasi ya Iringa na Mbeya yanapita pale usiku na mchana, ila ukiiacha lami unakutana na wakulima wa miwa wa Ruhembe na vijiji vinavyolilia maji na barabara. Watu wale walikuwa wanaujua wimbo kwa kichwa. Kuwadanganya ingekuwa kazi ngumu!

Wakampa. Mjengoni Dodoma akamkuta mkongwe mwenzake, Sugu, aliyeingia tangu 2010 kwa Mbeya Mjini. Kwa miaka mitano, mtu aliyewachana wanasiasa akawa naye anadaiwa ahadi kama wao. Hapo ndipo mtihani ulipokuwa: mbunge wa upinzani anaweza kupiga kelele bungeni, lakini fungu la kujenga barabara liko serikalini. Kwenye mistari unamaliza tatizo kwa beti tatu. Jimboni linaweza kukuzidi umri.

2020 akapoteza kiti kwa CCM, mwaka ambao upinzani ulifagiwa karibu nchi nzima huku wenyewe wakilalamikia uchaguzi. Kabla kidonda hakijapona, mwanzoni mwa 2022 akalazwa Muhimbili, hali mbaya. Serikali ya chama alichokuwa anakipinga ikasaidia matibabu, na mashabiki wakachanga bila kuulizana kadi za vyama. Alipoinuka akatoa "Siku 462", hesabu ya siku alizougua, kisha akaanzisha taasisi ya kusaidia wagonjwa wa figo.

Leo msanii kuingia bungeni siyo habari tena. MwanaFA ni mbunge tangu 2020 na amefika hadi unaibu waziri. Njia hiyo kuna watu waliifyeka. Ila kwa Jay kuna kitu cha zaidi: aliandika mtihani mwenyewe akiwa kijana, halafu miaka 14 baadaye akaenda kuufanya mbele ya watu wa Mikumi.