Maelezo ya Spishi Yasomeke Mahali Mdudu Anapoishi: Hoja Kuhusu Nyuki na Nyigu wa Tropiki

Mwaka 2021 jarida la ZooKeys lilichapisha makala iliyotangaza kwa mkupuo spishi mpya 403 za nyigu wa familia ya Braconidae kutoka Costa Rica. Hawa ni nyigu vimelea: jike kwa kawaida hutaga ndani ya kiwavi au juu yake, na buu akianguliwa humla kiwavi huyo angali hai. Kwa spishi nyingi kati ya hizo, Michael Sharkey na wenzake walitoa picha ya mdudu, taarifa za mahali alipopatikana, na mfuatano wa DNA wa kipande cha jeni moja ya mitokondria, COI, chenye urefu wa herufi 650 hivi. Maelezo ya umbo la mwili, kwa sehemu kubwa, hayakuwamo. Hoja yao ni kwamba nyigu wa tropiki ni wengi mno kuliko wataalamu wa kuwaeleza, na misitu haitangoji. Hoja hiyo ina uzito, na yeyote aliyewahi kukaa mbele ya masanduku ya wadudu wasio na majina anaielewa. Hata hivyo naamini njia waliyoichagua inavunja jambo ambalo taksonomia haiwezi kuishi bila hilo: uwezo wa mtu mwingine kumshika mdudu mkononi na kuhakikisha kwamba jina ni lake.

Inafaa kukumbuka kazi hiyo ilisimama juu ya nini. Katika eneo la hifadhi la Guanacaste, Costa Rica, tangu mwaka 1978 Daniel Janzen, na baadaye pamoja na Winnie Hallwachs, wamekuwa wakikusanya viwavi na kuwalea. Kazi kubwa ya kila siku imefanywa na wenyeji waliofunzwa kutambua na kuandika: kiwavi huyu ametolewa kwenye mmea gani, siku gani, na badala ya kipepeo ametoka nyigu gani. Hazina ya namna hiyo ni adimu katika tropiki yote. Na mwaka 2014 hazina hiyohiyo ilizaa kazi ya aina nyingine. José Fernández-Triana na wenzake walieleza spishi mpya 186 za jenasi Apanteles kwa kutumia DNA, umbo la mwili na taarifa za viwavi kwa pamoja, wakaweka na ufunguo wa utambuzi. Kwa hiyo si kweli kwamba tulilazimika kuchagua kati ya wingi na uangalifu.

Kasoro ya njia ya 2021 iko kwenye kiini cha maelezo yenyewe. Kanuni za Kimataifa za Majina ya Wanyama zinadai kwamba jina jipya liambatane na maelezo ya maneno yanayotaja sifa zinazodhaniwa kuitofautisha spishi hiyo na nyingine. Mfuatano wa COI ukiwekwa peke yake unasema mdudu ana nini. Hausemi ni kipi kinachomtenga na jirani yake. Isitoshe, mitokondria hurithiwa kwa mama tu, na bakteria wa jenasi Wolbachia, ambao wameenea sana miongoni mwa nyigu, wanaweza kusambaza aina moja ya mitokondria hata kuvuka mpaka wa spishi. Rudolf Meier na wenzake walipoichambua upya data ileile, walionyesha kwamba ukibadilisha kanuni ya kikokotoo inayopanga mifuatano katika makundi, mipaka ya spishi nyingi nayo inahama. Jina linalotegemea mpangilio wa programu ya kompyuta limejengwa juu ya mchanga.

Hata hivyo wanaosema umbo linatosha nao nawapinga. Chukua Xylocopa caffra, nyuki mkubwa anayetoboa mbao, aliyepewa jina na Linnaeus mwaka 1767. Jike ni mweusi mwenye mikanda myeupe au ya njano. Dume amefunikwa mwili mzima na manyoya ya rangi ya njano inayoelekea kijani. Asiyewaona wakipandana atasema ni spishi mbili. Kwa nyigu wa familia ya Mutillidae hali ni ngumu zaidi, kwani jike hana mabawa na hudhaniwa kuwa sisimizi, ilhali dume anaruka. Maktaba zimejaa majina ya Mutillidae yaliyotolewa kwa jinsia moja tu, na kuyaoanisha ni kazi ambayo bado inaendelea.

Kosa la upande wa pili, la kuficha wawili chini ya jina moja, tunalo hapa kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 2004 Connal Eardley alichapisha mapitio ya nyuki wasiouma wa Afrika, kazi ambayo kila mtafiti wa nyuki hawa bado anaitegemea. Humo, Meliponula ferruginea ilibaki spishi moja yenye rangi zinazotofautiana, kuanzia hudhurungi hadi nyeusi. Ulikuwa uamuzi wa busara kwa vielelezo vilivyokuwapo, kwa sababu rangi ya mdudu aliyekauka kwenye pini hudanganya. Lakini mwaka 2017 watafiti waliofanya kazi na kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, Nairobi, walipima mabawa ya nyuki wasiouma wa Kenya na kusoma COI yao, wakaonyesha kwamba wale weusi na wale wa hudhurungi wanatengana. Kilichowapa nguvu ni kwamba mabawa na DNA vilisema neno moja. DNA peke yake ingetuacha na shaka ileile ya Guanacaste.

Ninaongeza ushahidi wa tatu, ambao makumbusho mara nyingi huupoteza: kiota. Dactylurina schmidti wa pwani ya Kenya na Tanzania hujenga kiota kinachoning'inia wazi chini ya tawi, na masega yake yamesimama wima, jambo lisilo la kawaida kwa nyuki wasiouma. Plebeina armata, nyuki mwingine asiyeuma, huishi ndani ya kichuguu cha mchwa. Warina asali huwatambua nyuki wadogo kwa mahali wanapokaa na kwa umbo la mlango wao kabla hata ya kumwona nyuki mmoja. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hutofautisha asali za nyuki wadogo wa aina kadhaa kwa maarifa hayo. Lebo ya pini yenye jina la kijiji na tarehe peke yake imeacha nje sifa ambazo mrina asali angezitaja kwanza.

Nyuki wa mlimani ananifanya niwe na tahadhari zaidi juu ya jeni moja. Mwaka 1961 F. G. Smith, aliyefanya kazi ya ufugaji nyuki Tanganyika, alimweleza Apis mellifera monticola: mkubwa kidogo, mweusi, mwenye nywele ndefu, mkazi wa misitu ya juu. Mwaka 2017 jenomu nzima za nyuki wa Mlima Kenya na Mlima Elgon zilisomwa na kulinganishwa na za nyuki wa savana wa chini. Karibu kila mahali zilifanana. Tofauti kubwa ilikuwa kwenye vipande viwili tu, kromosomu ya 7 na ya 9. Kipande kifupi cha mitokondria kisingemwonyesha nyuki huyu. Macho ya Smith yalimwona.

Hapo linaingia suala la haki ya kusoma. Vielelezo-msingi vingi, vile ambavyo jina la spishi hufungwa kwavyo, vya nyuki na nyigu wa Afrika Mashariki vimehifadhiwa London, Berlin na Tervuren. Mwanafunzi wa Morogoro anayetaka kulinganisha nyuki wake na vielelezo hivyo anahitaji nauli ya ndege. Tukiongeza kwamba spishi yenyewe inatambulika kwa mashine ya DNA tu, tumemfungia mlango wa pili. Huyu ndiye mtu atakayeulizwa na wafugaji ni nyuki gani anafaa kwenye mzinga upi, na ni spishi ipi inapotea.

Kwa hiyo Meliponula mweusi akithibitika kuwa spishi, ama kwa kufufua jina la zamani ama kwa kutunga jipya, maelezo yake yabebe mfanyakazi, malkia na dume. Vipimo vya bawa. Mlango wa kiota na aina ya mti. COI pamoja na jeni za kiini. Kielelezo-msingi kikae Nairobi, vielelezo vya ziada vigawiwe Kampala na Dar es Salaam. Na ufunguo wa utambuzi utoke kwa Kiswahili pia, ukitumia alama zinazoonekana kwa lenzi ya mkono inayokuza mara 10.